Barua kwa mwenzangu asiyepata lepe la usingizi

Mwenzangu mpenzi,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama kwenye mstari uleule: "Naingia kitandani saa tatu ili nifidie, na saa nane bado natazama dari." Moyo uliniuma, maana dari hiyo naijua.

Mwaka juzi nilikaa karibu miezi minne katika hali hiyo. Nilikuwa nalala upande wa ukutani, simu chini ya mto, na kila nikijigeuza naitoa kuangalia saa. Saa saba na nusu: nikilala sasa hivi nitapata saa tano. Saa nane na robo: nitapata nne na dakika chache. Mwanga unanichoma macho, taya zimekaza, mto umepata moto pande zote mbili. Ilinichukua muda kutambua kwamba hesabu ile ndiyo iliyokuwa ikinifukuzia usingizi kuliko kelele yoyote ya nje. Simu ilipohamia chumba kingine, nikanunua saa ya mezani na kuigeuza uso ukutani, usiku wangu ulianza kutulia kidogo.

Lakini kosa langu kubwa lilikuwa hilo unalofanya wewe sasa, la kuwahi kulala. Nakuomba unisikilize hapa kuliko mahali pengine popote.

Usingizi unaletwa na mambo mawili yanayokwenda pamoja. Mtafiti Alexander Borbély aliyaeleza vizuri mwaka 1982. Kwanza kuna uzito unaojikusanya tangu unapofumbua macho: ubongo ukifanya kazi, kemikali iitwayo adenosini inaongezeka, na kadiri inavyoongezeka ndivyo kope zinavyolemea. Pili kuna saa ya mwili, iliyomo ndani ya ubongo, inayojua usiku wako huanza lini. Sasa tazama Jumapili zako. Unaamka saa tano asubuhi, halafu saa tatu usiku unajitupa kitandani. Umekuwa macho saa kumi tu! Uzito bado haujatosha. Tena saa mbili tatu kabla ya muda wako wa kawaida wa kulala ndipo saa ya mwili inapokukazia zaidi ubaki macho. Unabisha hodi wakati mlango umefungwa kwa ndani, kisha unajiona una kasoro.

Mimi niliyefika saa saba za usiku kila siku nikitapatapa, niliambiwa na daktari nifanye kinyume. Niamke saa kumi na mbili na nusu kila siku, hata kama usiku nilipata saa tatu tu, hata Jumapili. Nisiingie kitandani kabla ya saa sita usiku, kwa majuma mawili ya kwanza. Nilidhani ananitania. Juma la kwanza lilikuwa gumu, sitakuficha. Saa nne usiku nilikuwa natembea chumbani ili nisisinzie kwenye kiti. Usiku wa tisa nilizimika mara tu niliporudisha shuka mabegani, na nilipofumbua macho kulikuwa kumekucha. Nililia, ndugu yangu. Baada ya hapo tukaongeza dakika kumi na tano, zikikaa sawa tunaongeza nyingine, mpaka nikafika saa saba na nusu ninazolala sasa. Njia hii si ya uganga, madaktari wa usingizi wanaitumia tangu miaka ya 1980. Ila wewe unaendesha gari kila siku, kwa hiyo usiianze bila kumwona daktari, maana zile siku za mwanzo unasinzia kweli.

Na usiku ukikuta umebaki macho, usipigane nao kitandani. Ukiona usingizi umeruka, toka. Mimi niliweka kiti karibu na dirisha, taa ndogo, na kikapu cha nguo za kukunja. Nakunja moja moja, taratibu, mpaka kichwa kianze kudondoka, ndipo narudi. Kitanda kikishazoea kuwa mahali pa kuhangaika, mwili unajifunza hivyo. Unapaswa kuufundisha upya.

Umeandika kwamba mdogo wako analala saa yoyote anayotaka na kuamka mzima, na kwamba wewe labda ni mvivu wa kujizoesha. Futa neno hilo. Mwaka 1938 mtafiti Nathaniel Kleitman na mwanafunzi wake Bruce Richardson walikaa siku 32 ndani ya pango la Mammoth Cave, kule Kentucky, Marekani, mbali na jua, wakijaribu kuishi siku yenye saa 28. Kijana Richardson aliweza kuizoea. Kleitman, aliyekuwa na miaka arobaini na kitu, mwili wake ulikataa ukaendelea kufuata saa 24. Kama mtu aliyeupa usingizi maisha yake yote hakuweza kuuamuru mwili wake, wewe unajilaumu kwa nini?

Kuhusu nguvu za mchana: kahawa yako ya saa kumi alasiri naomba iondoke. Kafeini haiongezi nguvu, inakalia tu nafasi ambayo adenosini ingekaa, kwa hiyo uchovu upo palepale, ila huusikii. Na kwa watu wengi nusu yake huwa bado mwilini baada ya saa tano hivi. Kikombe cha saa kumi, saa tatu usiku nusu yake bado iko nawe. Kunywa asubuhi, tena kwa raha yako.

Badala yake, ukiamka tu toka nje. Mwanga wa dirishani ni hafifu sana ukiulinganisha na wa nje, hata siku ya mawingu. Saa ya mwili kwa wengi wetu inachelewa kidogo kupita saa 24, na mwanga wa asubuhi ndio unaoirudisha kwenye mstari. Mimi nazunguka nyumba dakika ishirini. Kazi inayohitaji kichwa naifanya kabla ya adhuhuri, kwa sababu kati ya saa saba na saa tisa mchana karibu kila mtu hulegea, hata asiyekula kitu. Muda huo jipe kazi nyepesi. Kulala mchana uache kwanza mpaka usiku utengemae. Baadaye dakika ishirini zinatosha, maana ukizidisha unazama kwenye usingizi mzito na kuamka umevurugika.

Kuna jambo umelitaja kwa kupita, mimi halikunipita. Unasema mumeo analalamika unakoroma, halafu unanyamaza kimya, halafu unashtuka kama mtu aliyekabwa. Mwambie ahesabu hicho kimya kinachukua muda gani, na umpelekee daktari hizo habari. Huenda pumzi inakatika usingizini, na kama ndivyo, haya yote niliyoandika hayatatosha; utahitaji kupimwa, na tiba yake ipo. Usingoje mwezi uishe.

Jumapili hii nitakupigia saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Pokea, vaa viatu, utoke nje ukiwa na simu sikioni. Mimi nami nitakuwa natembea, tutaongea mpaka jua lipande.

Wako akupendaye daima.