Malalamiko kuhusu muda wa safari ya ndege mnaouonyesha

Kwa Meneja,
Huduma kwa Wateja

YAH: UMBALI NA MUDA WA SAFARI KATI YA VIWANJA VYA NDEGE VYA MIKOANI

Mimi ni mteja ninayelipia programu yenu. Kwa safari kati ya viwanja viwili vidogo, programu ilionyesha umbali wa kilomita 510 na, kwa herufi kubwa, "Muda wa safari: dakika 38". Kwa kutegemea maneno hayo, mzazi wangu alikatiwa tiketi ya ndege nyingine ya kuunganisha. Ndege ya kwanza iliondoka kwa wakati na haikupata tatizo lolote, lakini ilitumia saa 1 na dakika 25 tangu ilipotoka maegeshoni hadi iliposimama. Ile ya pili ilikuwa imeshafunga mlango. Mtu mzima wa umri wake akalala kwenye kiti cha uwanjani. Jambo hili limeniuma sana.

Nimefuatilia hizo dakika 38 zimetoka wapi. Mmegawa kilomita 510 kwa mwendo wa kilomita 800 kwa saa, basi. Huo ni mwendo wa ndege ya jeti iliyokwisha kufika juu na kutulia. Viwanja vya mikoani mara nyingi huhudumiwa na ndege za panga boi kama ATR 72, ambayo angani huenda kama kilomita 500 kwa saa. Hapo saa nzima imeshakwisha kabla hamjahesabu kitu kingine.

Na vya kuhesabu ni vingi. Ndege hujikokota hadi kwenye njia ya kurukia na kusubiri ruhusa ya waongoza ndege. Hupaa ikikabili upepo, kwa hiyo huenda ikaanza kwa kuipa mgongo kule inakokwenda, kisha ndipo igeuke. Nchi nyingi haziruhusu ndege kuzidi takriban kilomita 460 kwa saa chini ya futi 10,000, na kwenye safari fupi sehemu kubwa ya muda ni kupanda na kushuka. Kwenye safari inayochukua muda wa saa kumi, nusu saa ya ziada humezwa. Kwenye safari fupi, inakaribia kuwa safari yenyewe. Tena mnaonyesha dakika zilezile kwenda na kurudi, kana kwamba upepo haupo.

Umbali nao una kasoro. Kilomita 510 ni mstari mfupi kuliko yote juu ya uso wa dunia, na ndege hufuata njia zilizopangwa ambazo kwa kawaida huwa ndefu zaidi. Chini yake mmeandika "maili 275" bila kusema ni maili za baharini, zenye mita 1,852 kila moja. Anayezichukulia kuwa maili za nchi kavu atapata kama kilomita 443.

Ninaomba muondoe maneno "muda wa safari" kwenye hesabu hiyo, mtaje aina ya ndege na mwendo mliotumia, muongeze muda wa kupaa, kutua na kutembea ardhini, na mweleze ni maili zipi. Pale ambapo hakuna ndege ya moja kwa moja, semeni hivyo waziwazi. Ninaomba pia mrudishe gharama ya tiketi iliyopotea. Nakala yake nimeiambatanisha pamoja na picha ya ukurasa wenu.

Nasubiri majibu yenu kwa maandishi ndani ya siku 14.

Wenu,
Mteja