Gari linamisi baada ya kubadilisha plagi? Anza na hizo hizo plagi mpya

Malalamiko haya hutufikia gerejini kwa sura moja. Gari lilikuwa zima, likapelekwa sevisi kwa kuwa kilomita zimetimia, likabadilishwa oili, filta na plagi zote nne. Siku chache baadaye linamisi, yaani silinda moja au zaidi inakosa kuwaka: linatetemeka kwenye foleni, linaishiwa nguvu mlimani, na taa ya injini inawaka kwenye dashibodi. Mwenye gari anaambiwa ni koili, kifaa kinachoipa plagi umeme. Ananunua koili, hali iko vile vile. Anaambiwa nozeli zioshwe, halafu throto, halafu sensa ya hewa. Plagi hakuna anayezigusa tena, maana "si zimewekwa juzi tu?"

Sisi tunaanza na kilichoguswa mwisho. Plagi mpya ikiwa feki, ikiwa si namba yake, au ikiwa imefungwa vibaya, inasumbua kuliko ile kuukuu iliyotupwa. Hapa chini tunaeleza inavyosumbua na jinsi ya kuikagua kabla hujatoa hela ya koili. Vipimo tunavyotaja ni vya injini za Toyota 1NZ-FE ya cc 1500 na 2NZ-FE ya cc 1300, zilizomo kwenye IST, Vitz, Platz, Funcargo na Probox, kwa sababu ndizo zilizojaa barabarani. Kwa injini nyingine kanuni ni zile zile, namba ndizo zinazobadilika.

Kwa nini linamisi mlimani na si likiwa limeegeshwa

Cheche huruka kwenye mwanya kati ya ncha ya katikati ya plagi na ile iliyopinda juu yake. Kwenye 1NZ mwanya huo ni milimita 1.1. Koili inatakiwa itoe maelfu ya volti ili umeme uvuke hapo, na kadiri mgandamizo ndani ya silinda unavyokuwa mkubwa, ndivyo volti zinazohitajika zinavyoongezeka.

Gari likiwa sailensa, yaani linaunguruma bila kukanyagwa mafuta, hewa inayoingia ni kidogo na mgandamizo ni mdogo. Hata plagi mbovu huweza kurusha cheche hapo. Sasa lipandishe mlima wa Kitonga na abiria wanne na mizigo, ukanyage mafuta: silinda zinajaa hewa na umeme unapata kazi kuvuka. Kama mwanya umefika 1.4, au kauri nyeupe ya plagi ina ufa usioonekana kwa macho, umeme unaacha njia yake na kukimbilia kwenye chuma cha pembeni. Silinda hiyo haiwaki. Ndiyo maana fundi anayekanyaga mafuta gari likiwa limesimama, akasikiliza na kusema "mbona liko sawa", bado hajapima kitu. Gari lazima liendeshwe likiwa na mzigo au kwenye mwinuko.

Petroli ya silinda isiyowaka haipotei bure. Sehemu yake huosha oili kwenye kuta za silinda na kushuka chini kwenye sampu, bakuli la oili. Nyingine hutoka na moshi na kwenda kuungulia ndani ya masega ya ekzosi (kisafisha moshi, "catalytic converter"), ambayo hupata joto la kupindukia mpaka yanayeyuka na kuziba. Yakishaziba gari linakuwa zito moja kwa moja, na hata ukiweka plagi safi uzito hauondoki. (Waliokwisha kuyatoa masega yao hawana hofu hiyo, lakini petroli wanayoimwaga ni ile ile.) Taa ya injini ikiwaka na kutulia, una nafasi ya kufika gereji taratibu. Ikiwa inawaka na kuzima mfululizo, kompyuta inakuambia kwamba kumisi kumefika kiwango cha kuharibu masega: punguza mwendo, usikanyage mafuta kwa nguvu, na safari ndefu iahirishe.

Plagi mpya inakuwa na kasoro gani

Iliyo maarufu ni feki ndani ya boksi la NGK au Denso. Kwa nje inafanana mno, hivyo usitegemee rangi ya boksi. Itoe, itazame. Hesi (mizunguko ya skrubu) za plagi halisi ni laini na zinalingana kutoka juu hadi chini. Za feki mara nyingi zina makwaruzo na vinyweleo vya chuma. Wosha ya plagi halisi haidondoki hata ukiigeuza. Ncha ya kati imesimama katikati kabisa, na ile ya pembeni imekaa juu yake bila kupinda upande. Kama umeuziwa "iridiamu", angalia unene wa ncha ya kati: kwenye Denso Iridium Power ni milimita 0.4, kwenye NGK Iridium IX ni 0.6. Ya nikeli ya kawaida ni karibu 2.5. Plagi iliyoandikwa iridiamu yenye ncha nene kama ya nikeli imekwisha kujitaja yenyewe.

Halafu pima mwanya wa kila moja kwa fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia mwanya. Plagi halisi za namba moja hutoka kiwandani zikiwa zimelingana. Tukikuta seti moja ina 0.8, 1.1, 1.0 na 1.3, hatuzikunji ili zilingane. Tunazirudisha, kwa sababu kiwanda kilichoshindwa kupima mwanya hatukiamini kwenye kauri. Na ncha ya iridiamu usiipime kwa kusukumiza geji ya duara kama sarafu, inavunjika.

Kipimo kingine kinahitaji mita ya umeme ya kawaida tu. Herufi R kwenye namba ya plagi ina maana kwamba ndani kuna rezista ya karibu omu 5,000. Weka ncha moja ya mita juu kabisa panapokaa koili na nyingine kwenye ncha ya kati chini. Ukisoma kati ya omu 3,000 na 7,000 hivi, hatuna neno nayo. Ukisoma sifuri, rezista haimo: redio itakoroma, na mawimbi yanayotoka kwenye cheche yanaweza kuchanganya sensa na kompyuta ya gari. Mita isiposoma chochote, njia ya umeme imekatika ndani, na koili inalazimika kurusha cheche mara mbili, ya ndani na ya nje. Koili ya namna hiyo haiishi sana. Hapo ndipo koili "zinapokufa kila mara" bila mtu kujua chanzo. Lakini plagi ikifaulu kipimo hiki usiseme imekwisha kupona, kwani ufa wa kauri hauonekani kwenye mita.

Namba si pambo

Plagi ya 1NZ kwa NGK ni BKR5EYA-11, kwa Denso ni K16R-U11. Kwenye ile ya NGK, B ni hesi za milimita 14, K ni kichwa cha soketi ya 16, R ni rezista, E ni urefu wa hesi wa milimita 19, na 11 ya mwisho ni mwanya wa 1.1. Ukiacha YA, inayobaki ni 5, na hiyo ndiyo inayokosewa kuliko zote, kwa sababu ni kiwango cha joto.

Ncha ya plagi inatakiwa iwe na joto la kati ya nyuzi 450 na 850 hivi. Chini ya hapo masizi hayaungui, yanajikusanya kwenye kauri na umeme unapitia humo. Juu ya hapo ncha inawasha petroli kabla ya wakati, injini inagonga, na pistoni inaweza kutoboka. Kwa NGK na Denso, namba ikipanda plagi ni ya baridi zaidi: 5 ya NGK inalingana na 16 ya Denso, 6 na 20, 7 na 22. Kwa Bosch na Champion mambo yamegeuka, namba ikipanda plagi ni ya moto zaidi. Muuzaji anayekuambia "hii saba ni kali zaidi" amekupa plagi ya baridi. Kwa IST inayoshinda kwenye foleni za Dar es Salaam na kwenda kilomita tano tano, plagi hiyo itakuwa nyeusi kwa masizi muda si mrefu.

Urefu nao usiuchezee. Hesi zikizidi, plagi inaingia ndani ya chemba na inaweza kugongwa na pistoni. Zikipungua, cheche inabaki imejificha kwenye tundu na hesi za hedi (kichwa cha injini) zilizo wazi zinajaa masizi, kiasi kwamba ukija kuweka plagi sahihi inagoma kuingia.

Kuhusu aina, mwenye mfuko mdogo tunamshauri anunue nikeli halisi, ambazo ni za kubadilisha kila kilomita 20,000 hivi, kuliko iridiamu ya bei ya kutupwa. Iridiamu halisi za kukaa muda mrefu hufika kilomita 100,000, na bei yake haiwezi kuwa sawa na ya nikeli.

Kufunga

Injini ipoe kwanza. Hedi ni ya aluminiamu, na plagi ikifunguliwa injini ikiwa moto inaweza kutoka na hesi zake. Puliza mashimo kwa upepo wa kompresa kabla ya kufungua, la sivyo mchanga wote unaanguka kwenye silinda. Koili kila moja imeshikwa na bolti moja ya spana 10. Ifungue, izungushe kidogo kulia na kushoto, kisha ivute.

Ukikuta oili ndani ya shimo la plagi, simama hapo. Mpira wa tapeti kava, kifuniko cha juu cha injini, umechoka. Ukiweka plagi mpya kwenye shimo lenye oili, mpira wa koili unavimba, umeme unaanza kuvuja, na baada ya wiki chache umerudi ulipoanza.

Plagi inaanzwa kwa mkono, kwa soketi yenye mpira ndani na ekstensheni peke yake, bila racheti. Inatakiwa ijizungushe kwa ulaini mpaka wosha iguse. Ikikaza kabla ya hapo imeingia upande: irudishe nyuma uanze upya. Kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, 1NZ hukazwa kwa Nm 18. Usipokuwa nayo, baada ya wosha kugusa ongeza nusu mzunguko hadi theluthi mbili kama plagi ni mpya. Kama ilikwisha kufungwa, wosha yake imebanwa tayari, hivyo ongeza moja ya kumi na mbili tu, hatua ya mshale wa dakika kwa dakika tano. Hesi usizipake oili wala grisi, kwa sababu zikiteleza utakaza kupita kiasi bila kujua.

Plagi iliyolegea ina hatari ambayo wengi hawaifikirii. Joto la ncha hutoka kupitia hesi na wosha kwenda kwenye hedi. Isipobana, joto halina pa kwenda, na plagi ya namba sahihi inafanya kazi kama ya moto mno. Na plagi iliyoanguka sakafuni usiifunge, hata kama inaonekana nzima.

Tunaombwa pia kuzisugua plagi za zamani kwa msasa au brashi ya waya. Hatufanyi. Brashi inaacha alama za chuma kwenye kauri, na huo ni mstari tayari wa umeme kupita. Iridiamu ndiyo kabisa.

Kujua kama ni plagi au koili

Mashine ya kupimia ikitoa kodi, yaani namba ya hitilafu, ya P0301 hadi P0304, tarakimu ya mwisho ni namba ya silinda, na silinda ya kwanza ni ile ya upande wa cheni. P0300 ni kumisi kunakohamahama, na kwa gari lililotoka sevisi huwa tunashuku seti nzima. Tuseme umepata P0302. Hamisha koili ya pili iende ya tatu, endesha kwenye mwinuko, pima tena. Ikiwa P0303, koili imejisema. Ikibaki P0302, sasa hamisha plagi. Ikigoma kuhama kote kuwili, ndipo uulize nozeli na mgandamizo. Kazi hii hufanywa injini ikiwa imezimwa. Kuchomoa koili injini ikiunguruma kunamwaga petroli mbichi kwenye masega, na shoti yake si ya mchezo.

Ukiitoa plagi na kukuta pete ya kahawia kwenye kauri, juu kidogo ya chuma, usikubali kuambiwa inavujisha moshi. Ni vumbi na mvuke wa oili vilivyovutwa na umeme mkubwa, na plagi nzima kabisa huwa nayo. Cha kuogopa ni mstari mweusi mwembamba unaoshuka wima kwenye kauri, mara nyingi ukiwa na mwenzake ndani ya mpira wa koili. Hapo badilisha plagi pamoja na mpira huo, maana kimoja kikibaki kitaharibu kingine.

Ukija kwetu, njoo na plagi zilizotolewa kama bado unazo, pamoja na maboksi ya hizi mpya. Na usikubali kodi ya hitilafu ifutwe kabla. Kompyuta hutunza kasi ya injini, joto na mzigo uliokuwepo kodi ilipoingia, na ukifuta, vyote vinaondoka pamoja nayo.