Kamba wanasingiziwa

Mhariri,

Mtu akitoka mabaka ya kuwasha huku Lamu, hata kabla hajaulizwa lolote, kamba na kaa huwa wameshahukumiwa. Mara nyingi wanaonewa.

Mabaka huja pale chembe za ngozini zinapomwaga histamini (kemikali iletayo mwasho), vishipa vikavuja maji na ngozi ikafura. Uvimbe ukiingia ndani zaidi, hufura midomo, kope au ulimi. Chakula chaweza kuwa chanzo, lakini kwa watoto aghalabu ni mafua tu, na kwa wakubwa ulizeni kwanza dawa: penisilini, aspirini, diklofenaki za dukani.

Samaki naye ana hila yake. Jodari au nguru akikosa barafu, bakteria humjaza histamini, na moto wa jikoni hauiondoi. Waliokula sinia moja wakiwaka uso na kuumwa kichwa pamoja ndani ya saa moja, hiyo si aleji. Muulizeni muuzaji barafu yake.

Zungushia baka moja kwa kalamu. Kwa kawaida hutoweka au kuhamia kwengine kabla ya saa 24. Likiganda, likauma na kuacha alama ya kuvilia damu, ni maradhi mengine, na huenda daktari akakata kipande cha ngozi kipimwe. Yakiendelea kurudi zaidi ya wiki 6, msimalize pesa kwa vipimo vya vyakula; hapo chakula ni chanzo kwa nadra sana.

Mtu mzima ameze setirizini, dawa ya aleji, miligramu 10 kwa siku. Kwa mabaka sugu daktari aweza kuipandisha hadi 40. Piriton, nayo dawa ya aleji, hulevya usingizi, nahodha asiimeze akashika usukani.

Anayetumia enalaprili au kaptoprili ya presha akivimba midomo bila kuwasha, hata baada ya miaka, dawa za aleji hazimfai. Asimeze tena kidonge hicho, na aende hospitali siku hiyo hiyo abadilishiwe.

Sauti ikikwaruza, pumzi ikibana au kizunguzungu kikija, dawa ni sindano ya adrenalini: mtu mzima miligramu 0.5 kwenye msuli wa paja, irudiwe baada ya dakika 5 asipopata nafuu. Alazwe, miguu juu. Akishindwa kupumua akae, miguu imenyooshwa. Asitembezwe hadi gatini, abebwe. Na kwa kuwa kutoka Kiwayu au Ndau njia ya hospitali ni bahari, adrenalini isikosekane katika zahanati zetu za visiwani.

Mhudumu wa afya,
Lamu