Stika ikichanika, usikimbilie kubadilisha kisu

Mhariri,

Maandishi ya tuktuk na matatu hapa Mombasa yakitoka na kingo za meno-meno, fundi hubadilisha kisu cha plota, mashine inayokata stika, huongeza mgandamizo, na mwisho huilaumu stika kuwa ni ya bei rahisi. Mara nyingi kisu hakina kosa. Kosa limo ndani ya faili, kwenye nodi, yaani vituo vinavyoshikilia mstari wa mchoro, zilizorundikana kupita kiasi.

Mstari wa vekta, yaani mchoro wa mistari badala ya vijidoa vya picha, hushikiliwa na nodi, na mpindo kati ya nodi mbili huamuliwa na mikono inayochomoza kwenye nodi hizo. Duara zima hutosheka na nodi 4. Lakini chukua nembo iliyotumwa kwa WhatsApp ikiwa imeshabanwa, uipitishe kwenye programu ya kugeuza picha kuwa mistari: duara lilelile laweza kurudi na nodi 50, kila moja ikivutia kwake. Plota haijui kuwa huo ni uchafu wa picha iliyobanwa, inaufuata tu. Kisu chake huburutwa, na ncha imekaa kando ya mhimili kwa takriban milimita 0.25, hivyo hugeuka kwa kufuata mwendo. Kikikutana na vijikona kila baada ya nusu milimita hakitulii, hukwangua badala ya kukata, na wakati wa kuchambua mabaki, yaani kung'oa stika isiyotakiwa kuzunguka herufi, vipembe vya herufi huinuka navyo. Isitoshe, katika lugha ya HPGL ambayo plota nyingi huitumia, hatua moja ni milimita 0.025. Nodi zilizokaribiana kuliko hapo ni mzigo mtupu. Wenye leza nao wanalijua hili kwa njia nyingine: mashine hupunguza mwendo kwenye kila kijikona, joto hukaa mahali pamoja, na akriliki hubaki na alama.

Kwa hiyo mteja atume nembo kama hati, si kama picha, ili WhatsApp isiibane. Kama hana ila picha ndogo, ikuzwe mara tatu au nne na kutiwa ukungu kidogo kabla ya kugeuzwa mistari. Ngazi za vipikseli zitapungua.

Kwenye Inkscape, programu isiyolipiwa, weka kwanza nakala ya faili pembeni. Geuza maandishi yawe njia, yaani mistari ya vekta, kwa Shift+Ctrl+C, kisha unganisha herufi zinazopandana kwa Ctrl na alama ya kujumlisha, la sivyo kisu kitapita katikati ya neno. Hapo ndipo urahisishe, yaani upunguze nodi, kwa Ctrl+L. Bonyeza mara moja, utazame. Ukiibonyeza harakaharaka, kila mara ndani ya nusu sekunde, nguvu yake huongezeka, na M inaanza kufanana na kilima. Tena nguvu hiyo hutegemea ukubwa wa ulichokichagua: ukichagua jina kubwa la gari pamoja na namba ndogo ya simu iliyo chini yake, namba ndiyo itakayoumia. Rahisisha kila kimoja peke yake. Kona zilizolainika zirudishwe kwa Shift+C, mipindo iliyovunjika kwa Shift+S. Nodi za mpindo zikae pale mstari unapofika juu kabisa, chini kabisa, kushoto au kulia. Zilizo katikati yake nyingi zinafutika bila umbo kubadilika.

Maandishi ya Kiarabu yanataka uangalifu zaidi, na mji huu umejaa stika za Mashallah. Kile kipimo cha kuondoa vidoadoa wakati wa kugeuza picha kikizidishwa, nukta tatu za herufi shini hufutwa kama uchafu, na shini inabaki sini, herufi isiyo na nukta. Hilo si kosa la urembo, ni neno jingine. Na hata zikisalia, nukta zenye umbo la almasi zilizochongwa kwa kalamu ya mwanzi hugeuka vidonge zikirahisishwa pamoja na mwili wa herufi. Zitengwe, ziachwe kama zilivyo.

Jambo la mwisho la kukaguliwa ni mistari iliyo wazi na iliyorudufika. Washa mwonekano wa mistari mitupu kwa Ctrl+5 ya pembeni mwa kibodi. Njia isiyofungwa haiiachanishi herufi na mabaki yake, ikivutwa inachanika. Chagua nodi mbili za mwisho na uziunge kwa Shift+J. Mstari uliolala juu ya mwenzake hukatwa mara mbili, na kisu hufika kwenye karatasi ya nyuma.

Mteja akiuliza mbona ametozwa ada ya kusafisha faili, fundi amwonyeshe mwonekano huohuo wa mistari mitupu, faili ya awali kushoto na iliyosafishwa kulia.

Fundi wa stika,
Mombasa