Barua kwa Mama Neema: Vita ya Kagera haikuwa ulivyosema

Bukoba

Mpendwa Mama Neema,

Salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Sisi wazima, mvua zimeanza na migomba imestawi. Natumaini ulifika Dar salama. Siku ile stendi basi liliondoka mimi nikiwa bado na neno mdomoni, na tangu hapo sijatulia.

Ulisema mtawala katili ni halali kung'olewa kwa vita na yeyote mwenye uwezo, ukatoa mfano wa sisi Watanzania na Idi Amin wa Uganda. Mwenzangu, mfano huo ndio uliotukimbiza nyumbani kwetu. Mama alikuwa na mimba yangu walipokimbia kuelekea ng'ambo ya Mto Kagera na mizigo kichwani. Ng'ombe wote waliachwa, hakurudi hata mmoja. Kwa hiyo usidhani naongea kwa kumhurumia nduli.

Lakini angalia miaka. Amin alipindua serikali ya Obote Januari 1971, na mwaka huohuo askari Waacholi na Walango, makabila yaliyodhaniwa kumuunga mkono Obote, wakauawa kwa wingi makambini. Februari 1977 akauawa Askofu Mkuu Janani Luwum, serikali ikadai ni ajali ya gari. Mwalimu Nyerere aliyajua yote hayo. Alikataa kumtambua Amin, akampa Obote hifadhi, na mwaka 1972 wafuasi wa Obote walivuka mpaka kutoka kwetu na silaha, wakashindwa vibaya. Jeshi letu lenyewe halikwenda. Lilikwenda baada ya Amin kuteka ardhi yetu kaskazini ya Mto Kagera, Oktoba 1978, na kutangaza kuwa ni sehemu ya Uganda. Mwalimu aliposema uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo na nia ya kumpiga tunayo, sababu ilikuwa Kagera. Waganda walikuwa wamekwisha kuuawa kwa karibu miaka minane.

Najua utaniuliza: mbona basi hatukuishia Mutukula, pale mpakani? Hapo niko upande wa Mwalimu kabisa. Aliitaka OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, imlaani mvamizi, OAU ikaja na habari za usuluhishi. Unasuluhishwaje na mtu aliyeua watu wako, akavunja daraja la Kyaka, na jeshi lake bado liko ng'ambo ya mpaka? Tungerudi nyuma, angerudi. Pale kwenye mkutano wa OAU Monrovia, Julai 1979, Nimeiry wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria walitusema sana kwa kuingia nchi ya watu, na mpaka leo naona walitukosea.

Ila yako mambo mawili yananisumbua, na hayo sitaki tuyapite kwa vigelegele.

La kwanza ni Masaka, mji wa kusini mwa Uganda. Baba alikwenda kama mgambo. Anapenda kusimulia mapigano ya Lukaya, Walibya waliokuja kumsaidia Amin walivyokimbia, anasimulia Waganda walivyocheza barabarani Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili. Ukimtajia Masaka ananyamaza. Majengo ya mji ule, na ya Mbarara pia, yalilipuliwa kulipiza Kagera. Wenye nyumba zile hawakumtuma Amin kwetu. Wao ndio aliokuwa akiwaua.

La pili ndilo zito zaidi. Machi 1979 tuliwakusanya Waganda waliokuwa uhamishoni Moshi, akapatikana Yusuf Lule wa kuwa rais. Alikaa siku 68. Akaja Binaisa, naye akaondolewa Mei mwaka uliofuata. Desemba 1980 ukafanyika uchaguzi askari wetu wakiwa bado kule, Obote akarudi madarakani, waliosema kura zimeibwa, Museveni akiwaongoza, wakaingia msituni, na eneo la Luweero, kaskazini ya Kampala, likageuka makaburi. Risasi ziliendelea hadi Museveni alipoingia Kampala Januari 1986. Sisi huku tuliombwa kufunga mikanda miezi 18, na unakumbuka tulivyopanga foleni za sabuni na sukari miaka mingi baada ya hapo. Lakini sisi tulikosa sabuni, wao walikosa watoto wao.

Mama mmoja wa Kampala aliyepoteza mumewe mikononi mwa watu wa Amin siwezi kumwambia tungebaki nyumbani. Siwezi, na sitaki. Ninachokataa ni wewe kuichukua vita ya kujilinda, iliyofika mbali kwa sababu adui hakutuachia njia nyingine, na kuifanya kibali cha kila mwenye ndege na mizinga kumchagulia jirani rais. Sisi tulikuwa majirani, tuna ndugu pande zote za mpaka, lugha zetu zinasikilizana, na bado ya baada ya Amin yalitushinda.

Kwa hiyo nijibu hili moja: tarehe 12 Aprili 1979, wewe ungemkabidhi nani Uganda? Ukija Desemba tutakwenda na baba Kaboya, kwenye makaburi ya askari wetu. Huenda pale akatusimulia la Masaka.

Wasalimie watoto.

Akupendaye,
Rafiki yako