Umri wa tope la ziwa si namba moja

Ndugu Mhariri,

Habari za maziwa yetu ya kale zikiandikwa magazetini, haikosi sentensi ya namna hii: "tabaka hili la tope lina umri wa miaka 5,200." Namba hiyo hakuna aliyeisoma kwenye tope. Imetoka kwenye programu ya kompyuta, nayo programu ilitoa masafa ya miaka, kuanzia hapa hadi pale. Tunaomba masafa hayo nayo yachapwe, na tunaeleza kwa nini.

Mche wa tope, yaani nguzo nyembamba ndefu ya tope, hutolewa ziwani kwa bomba, ukapasuliwa kwa urefu, kisha vipande vichache tu hupelekwa maabara kupimwa kaboni 14, aina ya kaboni inayopungua kadiri miaka inavyopita. Jibu hurudi kwa sura hii: 2,450 ± 30. Hiyo bado si miaka ya kalenda, maana kiwango cha kaboni 14 angani hakikuwa kimoja siku zote. Ukikipitisha kipimo hicho kwenye IntCal20, grafu ya kugeuza vipimo vya kaboni 14 kuwa miaka ya kalenda, kinaangukia popote kati ya takriban mwaka 750 na 410 Kabla ya Kristo, kwa sababu hapo grafu imelala bapa. Thelathini ya maabara imeshakuwa zaidi ya miaka mia tatu. Kinachoweza kuipunguza ni vipimo vya jirani, kwa kuwa tope la chini lazima liwe la zamani kuliko la juu.

Kuviunganisha vipimo hivyo ndiyo kazi ya Bacon, programu inayoendeshwa ndani ya R (programu ya takwimu), iliyotolewa mwaka 2011 na Maarten Blaauw na J. Andrés Christen. Faili lake ni jepesi: safu nne, yaani namba ya maabara, umri, kosa la kipimo na kina kwa sentimita. Wepesi huo ndio unaoponza watu. Kompyuta iliyopangwa kutumia mkato badala ya nukta ya desimali huhifadhi faili kwa kutenganisha safu kwa nukta-mkato, na programu inakataa kulisoma. Hilo ni afadhali, unaliona papo hapo. Baya ni lile lisilopiga kelele: mtu anaingiza umri uliokwisha kurekebishwa, yaani kugeuzwa kuwa miaka ya kalenda, programu inaurekebisha mara ya pili. Umri wa aina hiyo, pamoja na ule unaopatikana kwa kupima risasi 210 (aina ya madini ya risasi yenye mnururisho), huongezewa safu ya tano yenye 0. Umri nao huhesabiwa kurudi nyuma kutoka mwaka 1950, kwa hiyo uso wa mche uliotolewa mwaka 2016 unaanzia -66, si 0.

Halafu kuna kasi ya tope kujikusanya. Usipoigusa, Bacon huanza na dhana ya miaka 20 kwa sentimita moja. Ikiona vipimo vyako havilingani na dhana hiyo hupendekeza namba nyingine na kuuliza, na wengi hubonyeza tu bila kusoma swali. Programu pia huugawa mche katika vipande vya kuhesabia: mche wa mita 10 ukiachwa kwenye vipande vya sentimita 5 unakuwa na vipande 200 na kazi inakwenda polepole mno. Vipande vya sentimita 10 au 20 vinatosha kwa jaribio la kwanza.

Hapa kwetu kuna mitego mikubwa zaidi. Ziwa Victoria lilikauka mwishoni mwa zama za barafu, na chini ya tope lake laini kuna udongo mgumu wenye mabaki ya vijizizi. Usipoitajia programu kina cha pengo hilo, itachora mstari mzuri unaopita katikati ya miaka ambayo ziwa halikuwepo, na mtu atautumia kusoma mvua za miaka hiyo! Majivu ya volkano yaliyoanguka kwa mkupuo nayo hutolewa unene wake kwenye hesabu. Ziwa Challa, mpakani mwa Kenya na Tanzania, lina tatizo la kaboni ya zamani iliyomo majini, inayofanya tope lipimwe kuwa kongwe kuliko lilivyo. Wataalamu walipima kaboni 14 mara zaidi ya 150 kwa miaka 25,000 ya tope lake, wakakuta tofauti hiyo yenyewe ilibadilika kadiri muda ulivyopita. Kutoa namba moja kuanzia juu hadi chini hakutoshi.

Tena tuko kwenye ikweta. Grafu ya IntCal20 ni ya nusu ya kaskazini ya dunia, SHCal20 ya nusu ya kusini, zikipishana kwa miongo michache. Kuchagua moja au kuchanganya zote mbili kunakubalika, kunyamaza hakukubaliki.

Matokeo yakitoka, tazama kwanza kidirisha cha juu kushoto. Kinaonyesha mwenendo wa hesabu raundi kwa raundi; mistari yake iwe imejaa na kubaki usawa mmoja. Ikipanda au kushuka, hesabu haijatulia, irudiwe kwa muda mrefu zaidi. Wingu la kijivu linaloonyesha masafa ya umri likipanuka mahali pasipo vipimo, hilo si kosa. Ndivyo linavyotakiwa liwe.

Kwa hiyo mwandishi akimhoji mtafiti, aulize masafa ya asilimia 95, idadi ya vipimo karibu na tabaka linalozungumzwa, na grafu iliyotumika. Mtafiti naye aweke hadharani vipimo vibichi vya maabara na toleo la programu. IntCal20 ilichukua nafasi ya IntCal13. Nayo itapitwa, na mwenye vipimo vibichi atapiga hesabu upya kwa mchana mmoja, wakati aliyebakiwa na "miaka 5,200" hana pa kuanzia.

Wasomaji wenu,
Mwanza