Shoga, kuhusu hiyo siti ya mtoto

Mama kijacho wangu, za huko Kigamboni? Miguu bado inavimba?

Nimeona picha ya hiyo siti ya gari uliyonitumia nikasema hapana, hii siyo ya kujibu kwa voisi, ngoja nikuandikie vizuri maana Junior kalala na sijui ananipa dakika ngapi. Kwanza hongera kwa kuwaza mapema, mi mwenzio nilikumbuka siti nikiwa na wiki 38.

Sasa hiyo ya kwenye picha usilipie kwanza. Muuzaji atakwambia dada hii ni mpya kabisa ya Japani, wote ndo wimbo wao huo. Kule Japani mtoto chini ya miaka 6 kukaa kwenye siti yake ni sheria tangu mwaka 2000, kwa hiyo zikishatumika zinakuja huku kwenye mtumba nyingi tu, ila hakuna anayejua ilitoka kwenye gari gani na kama gari hiyo iligongwa, na siti iliyopata ajali hata ukiiona nzima ni ya kutupa. Igeuze juu chini. Mwaka wa kutengenezwa huwa umegongwa kwenye plastiki au uko kwenye stika, na nyingi kampuni zenyewe zinasema zisitumike zikifika kati ya miaka 6 na 10. Alafu vua kitambaa uangalie ile stairofomu ya ndani, ikiwa na ufa mrudishie. Tafuta na stika yenye herufi E kwenye duara, itakuwa imeandikwa R44 au R129, ndo viwango vya usalama vya siti za watoto. R129 ndo mpya, inaenda kwa urefu wa mtoto, R44 nyingi zinaenda kwa kilo. Hamna stika? Basi hiyo ni kiti cha mapambo, muachie mwenyewe.

Ngoja nikwambie kitu ambacho hata baba Junior sikumwambia siku ile. Junior akiwa na miezi minne natoka Mwenge naenda Sinza, mwendo kama 40 tu, bajaji ikachomoka pembeni bila indiketa bila nini, nikakanyaga breki. Mimi mzima, bajaji huyoo kaondoka zake, nageuka nyuma naikuta siti ya mtoto imelala ubavu na mwanangu yumo ndani ananiangalia tu. Nilitetemeka shoga. Nikaingia sheli nikapaki nikaanza kuichunguza, kumbe pembeni ya siti kuna njia mbili za kupitishia mkanda wa gari, zina alama ya bluu na nyekundu. Bluu ni mtoto akiwa ameangalia nyuma, nyekundu akiwa ameangalia mbele. Mi nilikuwa nimepitisha kwenye nyekundu wakati mtoto kaangalia nyuma! Miezi minne yote! Na hela nilitoa laki tatu na nusu nikajiona nimemaliza kazi.

Kwa hiyo ukishanunua hiyo ndo mwanzo tu. Kwenye gari yenu ingiza vidole kwenye ule mpasuo wa siti ya nyuma, kati ya pa kukalia na pa kuegemea, ukigusa vyuma viwili vimekaa kama vishikio basi mna ISOFIX, vyuma vya kushikia siti ya mtoto bila mkanda wa gari, na siti yenye miguu ya ISOFIX inaingia pale unasikia kabisa ta! ta! Kama hamna si shida, mkanda wa kawaida wa kupita begani unatosha ukifuata rangi, ila panda na goti juu ya siti uikandamize ndo uvute mkanda. Ukimaliza ishike pale mkanda unapopita uitingishe, isicheze zaidi ya sentimita mbili na nusu. Ikicheza anza upya, usijidanganye.

Na aangalie nyuma jamani, mpaka afike angalau miezi 15, siti ikiruhusu hata zaidi. Kichwa cha kichanga ni kama robo ya urefu wake wote na shingo ndo hiyo unaijua, gari ikigonga mbele mgongo wa siti unakipokea kichwa, akiangalia mbele kinavutwa na hiyo shingo. Na siti ya mbele sahau kabisa, eabegi ikifumuka inakuja moja kwa moja nyuma ya kichwa chake.

Mkanda wa mtoto mwenyewe, ukishamfunga jaribu kuufinya pale begani kwa vidole viwili. Ukipata cha kufinya, umelegea. Ndo maana usimfunge akiwa na sweta na mashali matatu, mkanda unabana nguo badala ya mtoto. Mfunge na nguo nyepesi, kanga mfunike juu.

Hapo sasa jiandae na mama mkwe. Wangu siku ya kutoka hospitali alisema "mtoto wa siku mbili mnamfunga kama gunia la mkaa?" akataka kumpakata. Baba Junior akamwambia mama utampakata nyumbani mpaka uchoke, akanuna mpaka Ubungo. Anune tu. Mikono ya mtu haimshiki mtoto gari ikigonga, hata uwe umemkumbatia vipi, na WHO wanasema hizi siti zinapunguza vifo vya watoto kwa zaidi ya nusu. Trafiki mimi hawajawahi kuniuliza habari ya siti hata siku moja kwa hiyo usisubiri trafiki.

Na jua la Dar unalijua. Gari ikikaa juani kile kichuma cha mkanda kinakuwa kama pasi, Junior aliwahi kuungua paja, alama ilikaa wiki. Ukipaki tandika kanga juu ya siti, na kabla hujamweka gusa mwenyewe.

Mkienda Moshi Desemba msimwache humo safari nzima, Chalinze mtoe, Segera mtoe, Mombo mtoe, kichanga akilala muda mrefu kidevu kinaangukia kifuani anakosa hewa vizuri. Na mkifika mhamishie kitandani hata kama kalala fofofo, siti siyo kitanda.

Huyo kaamka, nasikia. Jumamosi nakuja na ile yangu ya kwanza uione hizo rangi, usiinunue hiyo kabla sijafika, na mwambie shemeji atoe yale madumu siti ya nyuma tupate pa kuweka goti.

Wako,
mama Junior